Hatimiliki pekee si kinga kwa mnunuzi wa ardhi

WAKENYA wengi hununua ardhi kwa akiba ya miaka mingi na hutulia pindi wanapokabidhiwa hatimiliki. Hata hivyo, kisheria cheti hicho chaweza kupingwa.

Kifungu cha 26 cha Sheria ya Usajili wa Ardhi ya mwaka 2012 kinaruhusu hatimiliki kupingwa mahakamani iwapo ilipatikana kwa njia haramu, kwa kukiuka taratibu au kwa ufisadi.

Mnamo Aprili 2023, Mahakama ya Juu iliamua kesi kati ya kampuni ya Dina Management na Serikali ya Kaunti ya Mombasa kuhusu kiwanja kilichoko Nyali. Kampuni hiyo ilijitetea kwamba ilinunua kwa nia njema. Majaji walikataa, wakisema ardhi hiyo ilikuwa ya umma na ilitolewa mara ya kwanza, mwaka 1989, bila kufuata sheria. Asiye na haki hawezi kumuuzia mwingine haki.

Kwa hivyo, mnunuzi achunguze asili ya ardhi, wala si jina la muuzaji pekee. Kwanza, athibitishe umiliki katika afisi ya msajili wa ardhi, au kupitia mfumo wa Ardhisasa uliozinduliwa mwaka 2021, ukianzia Nairobi. Humo ataona iwapo kuna mkopo wa benki au zuio. Pili, mpimaji aliyesajiliwa alinganishe mipaka na ramani. Tatu, kwa shamba la kilimo, idhini ya Bodi ya Kudhibiti Ardhi iombwe ndani ya miezi sita tangu mkataba utiwe saini, la sivyo mauzo ni batili. Nne, kwa mali ya ndoa, mume na mke wote wakubali.

Nchini Marekani, kampuni za bima ya hatimiliki huchunguza kumbukumbu, kisha humpa mnunuzi waraka wa ahadi unaotaja masharti ya kutimizwa na kasoro ambazo bima haitafidia. Ada hulipwa mara moja tu. Biashara hiyo ilianzia Philadelphia mwaka 1876.

Hapa nchini bima hiyo haijawa mazoea. Kinga ya mnunuzi ni uchunguzi wake na wakili wake mwenyewe, asiyemwakilisha muuzaji, kabla ya kulipa hata arbuni.