Ithibati ya Kimataifa Haipo

Wiki hii nimeulizwa tena, mara tatu, na watu wasiofahamiana: afisa utumishi wa halmashauri, mwalimu wa sekondari anayetaka kuhamia kwenye utawala, na kijana mwenye shahada ya kwanza ya sayansi ya siasa ambaye bado hajapata kazi. Kila mmoja ana chuo cha nje mkononi kinachofundisha uzamili wa utawala wa umma kwa mtandao, na swali lao ni moja: "Mwalimu, hiki chuo kina ithibati ya kimataifa?"

Nalijibu hapa kwa maandishi, ili atakayekuja kesho aje na swali jingine. Ithibati ya kimataifa haipo. Hakuna chombo duniani kinachokipa chuo kikuu idhini ya kutoa shahada itakayokubaliwa katika kila nchi. UNESCO, ambayo jina lake hupachikwa kwenye matangazo haya bila haya, haitoi ithibati kwa chuo chochote. Mkataba wake wa kutambua sifa za elimu ya juu, uliopitishwa mwaka 2019 na kuanza kutumika Machi 2023, unazitaka nchi zilizouridhia zipime shahada za wenzao kwa haki na uwazi. Anayepima bado ni nchi. Kwetu Tanzania ni Tume ya Vyuo Vikuu, TCU. Mkenya ana Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu, na Mganda ana Baraza la Taifa la Elimu ya Juu.

Nimeshasema haya mbele ya watumishi wa umma, darasani na kwenye semina, na bado swali linarudi. Linarudi kwa sababu kuna watu wanaokula kwalo. Mei 2015 gazeti la New York Times lilifichua kampuni ya Axact ya Karachi, Pakistani, iliyokuwa nyuma ya mamia ya tovuti za vyuo na shule zenye majina ya Kimarekani. Wahadhiri waliokuwa wakitabasamu kwenye video walikuwa waigizaji wa kulipwa. Hilo watu wanalikumbuka. Wanachosahau ndicho kinachonikera zaidi: mtandao huohuo ulikuwa na vyombo vyake vya ithibati. Mnunuzi mwenye wasiwasi alifungua tovuti ya chombo kimojawapo, akakuta chuo chake kimeorodheshwa, akatulia, akalipa. Aliyemuuzia shahada ndiye aliyemuuzia na uthibitisho.

Haikuishia hapo. Wateja, wengi wao kutoka nchi za Ghuba, walitozwa tena ili karatasi zao zipate vyeti vya uthibitisho vya Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani vyenye jina la John Kerry, waziri wa wakati huo. Mhuri wa namna hiyo hausemi lolote kuhusu elimu. Unasema tu kwamba saini na mhuri wa ofisa aliyepitisha hati ni halali. Ni kama wakili wa hapa mjini anapogonga mhuri nakala ya cheti chako: anathibitisha kwamba nakala inafanana na cheti alichoonyeshwa. Hajui kama uliingia darasani hata siku moja, na si kazi yake kujua.

Ziko hirizi nyingine. Nembo ya ISO 9001 inahusu taratibu za uendeshaji wa taasisi; hata kiwanda cha mabati kinaweza kuipata, na haihusiani na ubora wa tasnifu yako. Usajili wa kampuni Uingereza au katika jimbo la Delaware ni usajili wa biashara, nao haumpi mtu ruhusa ya kutunuku shahada. Anwani ya tovuti inayoishia na edu haitoshi pia, kwa kuwa waliojisajili kabla masharti hayajakazwa mwaka 2001 waliachwa nayo.

Afisa utumishi niliyemtaja alikuja akiwa tayari amemaliza. Alisoma miaka miwili, akaandika kazi zake usiku baada ya kulaza watoto, akalipa ada kwa mkopo wa benki. Alipopeleka cheti kikatathminiwe, hakikutambuliwa. Huyu hakughushi kitu, na ndiyo maana naumia ninapomsimulia. Hana hatia ya wale watumishi wa umma 9,932 waliotangazwa Aprili 2017, baada ya uhakiki wa vyeti serikalini, kuwa na vyeti vya kughushi. Lakini tangu uhakiki ule hakuna mwajiri wa serikali makini atakayepandisha mtu daraja kwa neno la chuo peke yake, na mimi namuunga mkono mwajiri huyo.

Msitoke hapa mkisema basi kasoro ni mtandao. Chuo Kikuu cha London kimekuwa kikitunuku shahada kwa watu wasiokanyaga London tangu 1858. Nelson Mandela alipata shahada yake ya sheria kwa masafa kutoka Chuo Kikuu cha Afrika Kusini, UNISA, mwaka 1989, akiwa bado mfungwa. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania kiliundwa kwa sheria ya Bunge ya mwaka 1992 kwa kazi hiyohiyo. Mtandao ni njia tu ya kufikisha somo. Mwenye wajibu wa ubora ni chuo, na anayekisimamia chuo ni mamlaka ya nchi yake.

Sasa ya kufanya, kwa haraka. Anza na Chuo Kikuu Huria, angalia na Mzumbe, ambayo utawala wa umma ndio mzizi wake, kabla hujavuka mpaka. Ukivuka, UNISA na London ni vyuo vinavyojulikana. Kama huna ada, fuatilia ufadhili wa Jumuiya ya Madola kwa uzamili wa masafa, unaokuruhusu kubaki kazini kwako. Ukiona programu ina ithibati ya NASPAA, hiyo ni alama ya kweli ya ubora katika fani ya utawala wa umma, ila haichukui nafasi ya TCU. Amua mapema unataka nini: sayansi ya siasa itakupeleka kwenye nadharia na utafiti, utawala wa umma kwenye bajeti, sera na usimamizi wa watu. Soma muundo wa utumishi wa kada yako uone ni ipi inatambuliwa, na uombe ruhusa ya mwajiri kwa maandishi. Uliza chuo nani atasimamia tasnifu, mitihani inafanyika vipi, vipindi vya moja kwa moja ni saa ngapi kwa saa zetu. Piga hesabu ya bando. Cheti cha kozi fupi cha Coursera au edX kikupe maarifa, lakini usikihesabu kuwa shahada.

Na kabla ya hayo yote, iandikie TCU. Taja jina kamili la chuo, nchi kilipo, jina la programu, na kwamba utasoma kwa mtandao. Jibu likija kwa maandishi, lihifadhi kwenye faili lako, ndipo ulipe ada.