Furu wa Mwanza: mali adimu iliyo matangini kwa watu wa nje

Katika soko la Mwaloni, Kirumba, furu ni samaki wa mtu wa kipato cha chini. Ni mdogo, ana miiba mingi, na hawezi kushindana na sato wala sangara kwa bei. Lakini Ujerumani na Marekani samaki wa ukoo huohuo huuzwa akiwa hai, mmoja mmoja, ndani ya mfuko wa maji na oksijeni. Katika orodha za bei huandikwa pia jina la kisiwa walikovuliwa wazazi wake: Makobe, Ruti au Python, visiwa ambavyo wavuvi wa Mwanza huvipita kila siku.

Tofauti hiyo ya bei humvutia kila mwenye mtaji mdogo. Kabla ya kununua matangi na pampu, hata hivyo, inafaa aelewe soko hili linavyofanya kazi, na kwa nini sehemu kubwa ya faida yake haifiki Mwanza.

Hasara iliyotokana na faida

Hadi miaka ya 1970 furu walikuwa takriban asilimia 80 ya uzito wa samaki wote wa chini ya Ziwa Victoria. Wataalamu hukadiria kwamba kulikuwa na aina 500 hivi, karibu zote zisizopatikana mahali pengine duniani. Walikuwa wengi kiasi kwamba mwaka 1976 Mwanza ilipata kiwanda cha kuwasaga kuwa unga wa chakula cha mifugo. Mwaka 1977 watafiti wa Chuo Kikuu cha Leiden, Uholanzi, walianza kuwachunguza katika Ghuba ya Mwanza.

Wakati huo sangara, aliyepandikizwa ziwani katika miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960, alikuwa bado hajatawala ghuba hiyo. Katikati ya miaka ya 1980 alitawala. Furu wakaliwa, na aina zinazokadiriwa kufikia 200 zikatoweka au zikawa haba mno kuonekana.

Kwa hesabu za biashara ya nje, mkoa ulipata. Viwanda vya minofu vilijengwa, ajira zikaja, na sangara akawa bidhaa kubwa ya kuuzwa Ulaya. Lakini katika vitabu vya hesabu vya miaka hiyo hakuna aliyeandika thamani ya furu waliopotea, kwa kuwa hawakuwa na bei.

Waliobaki wako kwa nani

Baadhi ya furu waliokuwa wamechukuliwa wakiwa hai kwa utafiti walizaliana ugenini. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 taasisi za Marekani zinazofuga wanyama na samaki ziliunda mpango wa pamoja wa kuhifadhi samaki wa Ziwa Victoria. Katika miaka ya 2000 ulianzishwa mpango mwingine, CARES, unaowahimiza watu binafsi kufuga samaki walio hatarini na kuandikisha walio nao. Hivyo aina kadhaa za samaki wa ghuba hii hutegemea matangi ya kioo yaliyo kwenye vyumba vya chini vya nyumba za watu.

Hilo ni ghala lisilo na bima. Umeme ukikatika, mwenye tangi akifariki au akihamia kwenye burudani nyingine, uzao wote unaweza kuisha kwa usiku mmoja. Taasisi nazo hufuata bajeti: samaki wa rangi hafifu asiyevutia watazamaji huwa wa kwanza kuondolewa.

Wenye rangi wana bahati zaidi. Anayejulikana sana ni Haplochromis nyererei, aliyepewa jina la Mwalimu mwaka 1985, mwaka uleule alipong'atuka urais. Dume lake lina mgongo mwekundu na mistari myeusi ubavuni. Huyu hajatoweka, bado yumo kwenye miamba ya visiwa vya Mwanza. Hata hivyo, wengi wa wanaouzwa nje wamezaliwa hukohuko.

Bidhaa inayojizaa

Hapa ndipo mwekezaji anapaswa kuwa makini. Aliyenunua minofu ya sangara huila, na wiki ijayo anaagiza tena. Aliyenunua dume moja na majike manne ya nyererei hana haja ya kuagiza tena. Jike hubeba mayai mdomoni kwa wiki mbili au tatu, kisha hutoa makumi ya vifaranga. Baada ya mwaka mmoja mteja amekuwa mshindani.

Gharama za usafiri nazo ni mzigo. Samaki hai husafiri ndani ya maji, na katika ndege maji hulipiwa kwa kilo. Mfugaji wa Berlin anayemuuzia jirani yake hana gharama hiyo.

Kitu pekee ambacho mfugaji huyo hawezi kukizalisha ni uhakika wa asili. Furu wa aina tofauti wakiwekwa tangi moja huzaa machotara, na majike hufanana mno hata mzoefu hukosea. Chotara hana thamani kwa mfugaji makini wala kwa mhifadhi.

Somo la farasi wa Mongolia

Thamani ya daftari la asili ilionekana kwa farasi-mwitu wa Mongolia, ajulikanaye kama farasi wa Przewalski. Mwanzoni mwa karne ya 20 matajiri wa Ulaya walinunua vifaranga vya farasi hao kwa ajili ya mashamba yao. Mwishoni mwa miaka ya 1960 farasi wa mwisho walitoweka porini, wakabaki wale wa mashamba na bustani za wanyama tu. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1950 bustani ya Prague ilikuwa ikiweka daftari la nasaba likionyesha baba na mama wa kila farasi. Mwaka 1992 uzao wao ulianza kurudishwa Mongolia.

Mikono ya watu binafsi iliwaweka hai, lakini daftari ndilo lililowafanya wafae kurudi. Furu wengi walio matangini hawana daftari la namna hiyo.

Mwanza ina nini cha kuuza

Mwanza ina asili yenyewe: kisiwa, mwamba, na samaki aliyevuliwa hapo kwa kumbukumbu. Chini ya Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003 biashara ya samaki huendeshwa kwa leseni, na kituo cha TAFIRI kilichopo Nyegezi kina ujuzi wa kutambua aina. Mwekezaji anayefikiria kuvua tu na kusafirisha atauza mara chache, kisha soko litajitosheleza. Anayefikiria kuzalisha hapahapa, kutenganisha samaki kwa kisiwa na kutoa hati ya asili kwa kila uzao, ana bidhaa ambayo mshindani hawezi kuinakili.

Lakini mtaji huo una adui. Mwaka 1997 mtafiti Ole Seehausen na wenzake walionyesha kwamba majike ya furu huchagua madume kwa rangi, na maji yakichafuka hawaoni tofauti. Mahali penye maji ya tope aina huchanganyika. Kwenye maji maangavu, kama Makobe, nyererei mwekundu na ndugu yake wa bluu, aitwaye pundamilia, bado wako mbalimbali.

Kwa hiyo taka na udongo unaoingia ziwani si suala la wahifadhi peke yao. Vinafuta hati ya asili ambayo ndiyo bidhaa yenyewe. Kikifutika pia kilichobaki ghubani, Mwanza italazimika kuwaomba wenye matangi wa Ulaya na Marekani samaki wake yenyewe, na kuwapokea bila kujua kwa hakika ni samaki gani.