Tisho Kwanza, Huruma Baadaye

Wasee, form ni hii. Mwezi wa tano ikifika Nairobi, ukiona umati umevaa tisho za kufanana wakishuka mat pale Nyayo asubuhi mapema, hiyo si rally na hakuna mtu amelipwa. Hiyo ni Mater Heart Run. Iko tangu 1993, so kuna chance imekuzidi umri, na bado inavuta mbogi. Unabuy tisho, unakimbia, ama unatembea tu ukipiga ma-selfie, ganji inaenda kwa operesheni za moyo za watoi wenye familia zao haziwezi kulipa. Story imeisha. Nani hajaelewa?

Sasa cheki vile wazae walikuwa wanaraise. Harambee ni saa nne. Mgeni wa heshima anatokea saa nane, na bado anaombwa "asalimie wananchi." Anasalimia lisaa limoja. MC anapiga mnada jogoo. Jogoo anauzwa thao tano, anarudishwa mezani, anauzwa tena. Huyo jogoo amechangia kuliko mbuyu yako na jioni bado anaingia sufuria. Kisha mzae mmoja anashika mic anasema vijana wa siku hizi hawana utu. Buda, tulikuwa tumelala.

But tusijifanye tumeomoka. Sisi nasi tuna group ya WhatsApp. Unaamka, umeaddiwa. Treasurer ni yule msee ako na rwabe yako tangu mwaka jana. List inaanza kuzunguka, jina na amount. Mwenye ametoa ngiri anaipaste kila dakika ndio tumuone. Mwenye amesota anaandika "nacheki end month." Mercy ya Mungu ni siku hizi ukihepa group ni admin tu anapata notification. Zamani ilikuwa inatangazwa kwa kila mtu, picha inachomeka live.

Halafu kuna poster. Mtoi amelala kwa kitanda ya hosi, mipira kwa mapua, violin nyuma, font nyekundu. Hapana, bana. Huyo mtoi atapona. Atafika form two, na hiyo picha bado inazunguka kwa status za watu, classmates wakiicheka. Kama wewe ndio unapromote event, toa hiyo sura. Weka mbogi ikicheka, weka tisho, weka tarehe, na line moja ya kusema doo inaenda wapi. Event ikiisha, posti pia mmeokota ngapi. Ukinyamaza hapo, next time unakula blue tick na huna wa kulaumu.

Na bei iwe ya mtaa. 2011, kiangazi iliwaka mbaya huko Turkana, Kenyans for Kenya ikatangaza target ya 500 mili ndani ya mwezi moja. Hakuna kuvaa tai, hakuna high table. Unatuma na M-Pesa ukiwa kwa keja, hata ashu inahesabiwa. Target ikapitwa. Wadosi wako na yao, Rhino Charge, tangu 1989: Land Cruiser zinapasua msitu bila barabara, na mshindi ni mwenye ametembea distance fupi kufikia checkpoint zote. Wameshona fence ya umeme kuzunguka Aberdare, kama kilomita 400, so heshima wapewe. Lakini bei ya tairi moja ya hiyo gari ni rent yako. Wewe uza tisho.

Na tisho yenyewe iwe ya kupiga luku. Rangi ya kuvaa Jumatatu campo, size za madem ziwe za madem, sio gunia ya viazi. Sponsors wasijae mgongoni kama ukuta wa duka ya cement. Dem mnoma akiivaa hadi December, hiyo ni ad hujalipia hata ndururu.

Last thing. Kuna chali wa base ashabuy njumu za ngiri kumi na mbili, saa ya kuhesabu steps na kamfuko ka maji ka kiunoni, yote juu ya run moja. Jana akaniuliza kama tisho anaweza pewa free, "si ni ya charity?" Huyo nimemwandikia mbili, na amount yake naipin kwa group.