Je, Wajua? Wapishi Nane, Mlango wa Stoo Mmoja

Je, wajua kwamba hesabu za maji yanayoipita nguzo moja tu ya mviringo ziliwahi kumla mtu mwaka na nusu? Mtu huyo ni Mitutosi Kawaguti, Mjapani, aliyechapisha kazi yake mwaka 1953. Alikokotoa kwa mashine ya mezani, saa 20 kila wiki, mpaka akaonyesha jinsi maji ya mwendo wa taratibu yanavyogawanyika mbele ya nguzo, kisha yakajizungusha nyuma yake katika mizunguko miwili, mmoja huku na mmoja kule. Mwenyewe alikiri kwamba kazi ilitaka bidii na ustahimilivu. Siku hizi mwanafunzi wa uhandisi hupewa swali hilohilo kama zoezi la mwanzo, na laptopu yake humaliza kabla chai haijapoa.

Kanuni hazijabadilika. Ni zilezile za Navier, Mfaransa, za mwaka 1822, zilizokamilishwa na Stokes, mzaliwa wa Ireland, mwaka 1845. Ni ngumu hivi kwamba tangu mwaka 2000 taasisi ya hisabati ya Clay huko Marekani imetenga dola milioni moja kwa atakayethibitisha kwamba majibu yake daima yapo na hayaharibiki njiani, au kwamba yanaharibika. Dola hizo bado ziko pale pale. Wahandisi hawasubiri. Huikata hewa au maji katika vijumba vidogo, kila kijumba kikapewa kasi yake na kanieneo yake, kisha kompyuta ikapita kijumba hadi kijumba ikisahihisha. Ukipunguza upana wa kijumba kwa nusu, vijumba vinakuwa mara 8, na kwa kawaida hatua za muda nazo lazima zifupishwe kwa nusu. Kazi imepanda mara 16, na wewe umeongeza ukali wa picha mara 2 tu.

Je, wajua kwamba ukumbi wa kompyuta 64,000 zinazofanya kazi sambamba ulibuniwa kabla kompyuta ya umeme haijazaliwa? Kompyuta zenyewe zilikuwa watu. Mwaka 1922 Mwingereza Lewis Fry Richardson, katika kitabu chake cha kutabiri hali ya hewa kwa hesabu, aliwaza ukumbi wa duara kama jumba la tamthilia, kuta zake zimechorwa ramani ya dunia, na kila mkokotoaji ameketi kwenye kipande chake cha ramani. Ncha ya kaskazini iko darini, Antaktika iko chini kabisa; sisi wa ukanda wa joto tumepewa roshani ya juu. Katikati, juu ya mnara, anakaa msimamizi mwenye taa. Wanaotangulia huwamulika kwa mwanga wa waridi, wanaochelewa kwa mwanga wa buluu.

Taa hizo mbili ndizo ninazozipenda kuliko ukumbi wote. Richardson alikwisha kuona kwamba watu 64,000 hawatembei kwa mwendo wa aliye hodari. Hutembea kwa mwendo wa aliyechelewa, kwa sababu hakuna anayeweza kuanza hatua inayofuata kabla jirani hajampa tarakimu zake. Programu za leo zinafanya kazi ya msimamizi yule kabla hesabu hazijaanza: zinagawa vijumba ili kila prosesa ipate mzigo sawa na wenzake, na mipaka kati yao iwe mifupi.

Utabiri wake wenyewe wa majaribio, wa tarehe 20 Mei 1910, ulikwenda mrama. Hesabu zake zilisema kanieneo ya hewa ingebadilika kwa hektopaskali 145 katika saa 6. Kwa kweli barometa haikutikisika kwa chochote cha kutajwa. Alifanya kazi hiyo akiwa dereva wa gari la wagonjwa Ufaransa wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Mwaka 1917 mswada ukapotea vitani, ukaja kupatikana miezi kadhaa baadaye huko Ubelgiji, chini ya rundo la makaa ya mawe.

Je, wajua ni kipi bora kwa kulima: maksai wawili wenye nguvu au kuku 1,024? Swali hilo husimuliwa kuwa la Seymour Cray, fundi mkuu wa superkompyuta za Marekani, na jibu lake ulishalijua. Mashine yake ya Cray-1 ilifika maabara ya Los Alamos mwaka 1976, ikiwa na uwezo wa hesabu milioni 160 kwa sekunde. Upande wake alikuwa na hoja ya kihisabati: mwaka 1967 Gene Amdahl alikwisha kuonyesha kwamba kama asilimia 5 tu ya kazi haigawanyiki, basi hata ukiajiri prosesa milioni moja hutapata kasi ya zaidi ya mara 20.

Halafu kuku wakalima. Mwaka 1988 John Gustafson na wenzake wa maabara ya Sandia walitoa matokeo ya mashine yenye prosesa 1,024 (idadi ileile ya kwenye mzaha, sijui kama walicheka), na katika kazi tatu tofauti, mojawapo ikiwa ya mtiririko usiotulia, walipata kasi ya zaidi ya mara 1,000. Hila yao haikuwa kumpinga Amdahl. Walisema tu kwamba hakuna anayenunua mashine kubwa ili afanye kazi ileile ndogo. Ukiwa na prosesa mara elfu, unakata vijumba mara elfu, na ile sehemu isiyogawanyika inabaki kama punje gunia linapoongezeka. Mwaka uliofuata Philip Emeagwali, Mnigeria, alipata tuzo ya Gordon Bell kwa kuiga mtiririko wa mafuta chini ya ardhi kwenye mashine ya prosesa ndogo 65,536, akifikia hesabu zipatazo bilioni 3.1 kwa sekunde. Mitandaoni utasoma kwamba yeye ndiye baba wa intaneti. Siye, lakini tuzo ni ya kweli, na kazi aliyoifanya haihitaji kupambwa.

Sasa tuingie jikoni, maana hapa ndipo wanunuzi wengi wa kompyuta hudanganyika.

Chukua hesabu ndogo kuliko zote: namba moja, jumlisha namba ya pili iliyozidishwa kwa kitu fulani, weka jibu mahali pa tatu. Rudia kwa kila kijumba. Kuzidisha kumoja, kujumlisha kumoja: hesabu 2. Lakini tazama mzigo. Kila namba ni baiti 8. Mbili zinasomwa kutoka RAM, moja inaandikwa humo, jumla baiti 24. Kompyuta ya mezani yenye RAM ya DDR4-3200 kwenye njia zake mbili husafirisha gigabaiti 51.2 kwa sekunde, si zaidi. Gawa kwa 24: mara bilioni 2.1. Zidisha kwa hesabu 2: hesabu bilioni 4.3 kwa sekunde, basi.

Na prosesa yenyewe? Viini 8 vya gigahezi 4, kila kimoja kikiweza hesabu 16 kwa kila pigo la saa yake, ni hesabu bilioni 512 kwa sekunde. Kwa hiyo zaidi ya asilimia 99 ya nguvu uliyoilipia imekaa kusubiri. Ni wapishi wanane wa harusi wenye visu vikali, lakini mlango wa stoo ni mmoja na mwembamba, na kila kitunguu lazima kipitie hapo. Ukiongeza wapishi wawe 16, foleni mlangoni inarefuka; pilau haiivi mapema.

Kipimo hicho cha namba tatu kina jina, STREAM, na hakikutungwa na muuza prosesa. Kilitungwa na John McCalpin alipokuwa Chuo Kikuu cha Delaware akishughulika na mikondo ya bahari. Alihitaji kujua mashine ipi ingemaliza bahari yake, na tarakimu za matangazo zilikuwa hazimsaidii.

Ndiyo maana kompyuta mbili zenye prosesa ileile zinaweza kutofautiana karibu maradufu katika kazi za mtiririko. Moja ina RAM ya GB 16 kwenye kipande kimoja. Nyingine ina vipande viwili vya GB 8, kila kimoja kwenye njia yake. Jumla ni ileile, bei zinakaribiana. Ya kwanza imefunga mlango mmoja kati ya miwili ya stoo, na muuzaji hakusema neno kwa sababu hukumuuliza. Kwenye mashine kubwa za kazini ni vivyo hivyo: prosesa za EPYC za kizazi cha 9004 zina njia 12 za RAM, gigabaiti 460.8 kwa sekunde zikijaa zote. Ukijaza njia 4 ili kuokoa pesa, umenunua lori ukalifunga matairi ya pikipiki. Na vile viini pacha vya bandia ambavyo mfumo wa kompyuta huonyesha, kiini kimoja kikihesabiwa viwili, wanaofanya kazi hizi kwa kawaida huvizima. Mlango haukuongezeka.

Je, wajua kwamba Cray-1 ya mwaka 1976 ililishwa vizuri kuliko kadi za kukokotoa (GPU) za leo? Ilipata megabaiti 640 kwa sekunde kwa hesabu milioni 160, yaani baiti 4 kwa kila hesabu. Kadi ya H100 ya NVIDIA, iliyogombaniwa na dunia nzima, husafirisha terabaiti 3.35 kwa sekunde, lakini ina uwezo wa hesabu za usahihi maradufu trilioni 34: baiti sehemu moja ya kumi kwa kila hesabu. Inashinda, bila shaka, kwa kuwa mlango wake ni mpana mara nyingi kuliko wa prosesa ya kawaida. Ila wapishi wake wana njaa zaidi ya wale wa Cray.

Tofauti hii iliwahi kuonekana hadharani, kileleni kabisa. Mwaka 2022 superkompyuta Frontier ya Oak Ridge, Marekani, ilichukua nafasi ya kwanza duniani kwa petaflopu 1,102. Fugaku ya Kobe, Japani, ikabaki na 442. Petaflopu moja ni hesabu milioni bilioni kwa sekunde. Lakini kipimo hicho, cha majedwali makubwa yaliyojaa namba, kinaipendelea prosesa, maana kila namba inayoingia hutumiwa tena na tena. Kuna kipimo cha pili, HPCG, kinachofanana zaidi na kazi za mtiririko. Hapo Frontier ilipata 14, Fugaku 16. Aliyeshindwa kwa zaidi ya mara 2 akawa mshindi. Wajapani walikuwa wamebandika RAM ya kasi ubavuni mwa kila prosesa, terabaiti 1 kwa sekunde kwa viini 48. Na angalia udogo wa namba zenyewe: Frontier ilibaki na asilimia 1.3 ya sifa zake. Fugaku hiyohiyo ndiyo iliyotumika mwaka 2020 kuiga matone ya mate yanavyoruka kutoka kinywani mwa mtu mwenye barakoa na asiye nayo.

Lipo jambo moja linaloshangaza hata waliozoea. Ukiongeza mashine mara 2, wakati mwingine kasi hupanda zaidi ya mara 2. Si uchawi. Kila mashine sasa imepata kipande kidogo cha kazi, na kipande hicho kimeenea ndani ya kache, ile hifadhi ndogo iliyo ndani ya prosesa yenyewe. Stoo haihitajiki tena. Prosesa ya EPYC 7773X ya mwaka 2022 ilitengenezwa na kache ya megabaiti 768 kwa viini 64, na kazi kama hizi ni miongoni mwa zilizolengwa. Ukiendelea kugawa, utamu unaisha: vipande vinakuwa vidogo mno, na prosesa zinatumia muda mwingi kusalimiana mipakani kuliko kukokotoa.

Je, wajua kwamba katika mbio za magari za Formula 1 kompyuta nazo zina mwamuzi? Shirikisho la FIA huzipa timu mgao wa uigaji wa hewa, na bingwa hupata mdogo kuliko wote: asilimia 70 ya kiwango, wakati aliyeshika nafasi ya kumi hupata 115. Mgao unapimwa kwa idadi ya viini, mara muda, mara kasi ya saa ya prosesa. Upana wa njia ya RAM haumo. Mhandisi yeyote aliyesoma hadi hapa ameshajua atatafuta prosesa ya namna gani.

Na ya mwisho ni ya mtumba. Superkompyuta Ranger ya Chuo Kikuu cha Texas, Austin, ilianza kazi mwaka 2008 ikiwa na viini 62,976 na uwezo wa teraflopu 579. Ilizimwa mwaka 2013. Baadhi ya kabati zake hazikwenda jalalani. Zilipakiwa zikaletwa Afrika kupitia kituo cha superkompyuta cha Cape Town, zigawanywe kwa vyuo vya Afrika Kusini, Botswana na Tanzania. Kituo hicho chenyewe kilizindua mashine yake mpya mwaka 2016, viini 32,832, karibu nusu ya vya Ranger, na uwezo uliozidi petaflopu 1. Wakaiita Lengau, neno la Kitswana lenye maana ya duma.