Mnunuzi wa kompyuta atazame kizazi kabla ya bei

Katika maduka ya barabara ya Luthuli na ya Moi jijini Nairobi, vipakatalishi vilivyokwisha kutumiwa katika ofisi za Ulaya hupangwa mezani vikiwa vimepanguswa vikang'aa. Wauzaji huviita "ex-UK", na kwa familia au mfanyabiashara mdogo anayetafuta kompyuta yake ya kwanza, bei yake huvutia kuliko ya mtambo mpya uliomo kwenye katoni.

Si vibaya kununua kompyuta ya aina hiyo. Nyingi ziliundwa kwa matumizi ya kampuni, na ni imara kuliko baadhi ya zile mpya za bei rahisi. Tatizo ni umri wa kilicho ndani.

Mnamo Oktoba 14, 2025, kampuni ya Microsoft ilikomesha huduma ya kawaida ya masasisho ya usalama kwa mfumo wa Windows 10. Waliojisajili waliongezewa muda hadi Oktoba 2026. Kompyuta yenye mfumo huo haizimiki ghafla. Huendelea kufanya kazi kama jana. Lakini udhaifu mpya ukigunduliwa, hauzibwi, na wezi wa mtandaoni hupenda sana mlango ambao mwenyewe amekwisha kuacha kuulinda. Kwa mtu anayetumia kompyuta hiyo kuingia katika akaunti ya benki na kuhifadhi orodha ya wadeni wake, hiyo si hatari ndogo.

Mfumo uliofuata, Windows 11, haukubali kila mtambo. Unahitaji chipu ya usalama iitwayo TPM 2.0, na prosesa, yaani ubongo wa kompyuta, iliyo katika orodha ya Microsoft. Kwa prosesa za Intel Core, orodha hiyo, isipokuwa chache mno, huanzia kizazi cha nane, kilichoingia sokoni mwaka wa 2017.

Kizazi husomwa katika nambari inayofuata kistari. Prosesa ya i5-6300U ni ya kizazi cha sita, i5-8350U ni ya nane, nayo i7-10510U ni ya kumi. Hapa ndipo wengi huponzwa. Kibandiko cha "Core i7" humfanya mnunuzi aamini kwamba amepata bora kuliko mwenye "Core i5", ilhali i7-4600U ya kizazi cha nne ina viini viwili tu, na i5-8250U ya kizazi cha nane ina vinne. Muuzaji asiyetaka kutaja nambari kamili aombwe kuwasha kompyuta na kufungua ukurasa wa mipangilio unaoeleza sifa za mtambo, imeandikwa pale.

Baadhi ya mafundi huilazimisha Windows 11 kwenye mitambo isiyostahili. Hukubali, lakini Microsoft haiahidi kuipa mitambo hiyo masasisho. Aliye na kompyuta kuukuu tayari anaweza kuwekewa mfumo wa Linux, ambao haulipiwi, pamoja na LibreOffice kwa ajili ya barua na hesabu, mradi programu anazozitegemea kazini hazihitaji Windows.

Jambo la pili ni hifadhi. Diski ya zamani ina sahani zinazozunguka; ile ya SSD haina kitu kinachosogea, na kwa sababu hiyo huwaka upesi na haiogopi sana mitikiso ya matatu. Diski ya zamani ya terabaiti moja huonekana kubwa kwenye karatasi kuliko SSD ya gigabaiti 256. Mwenye duka hatajaza hata hizo 256 kwa ankara na hesabu zake, ila kila asubuhi ataona tofauti ya muda anaosubiri. Kompyuta mpya zenye hifadhi ya gigabaiti 64 pekee ziepukwe hata zikiwa na rangi ya kupendeza, kwani mfumo wenyewe na masasisho yake hula sehemu kubwa ya nafasi hiyo.

Kuhusu RAM, Microsoft husema gigabaiti nne zinatosha. Zinatosha kuwasha. Kwa kazi ya kila siku, nane ndizo afadhali, na kumi na sita kwa anayehariri video au kuchora ramani za nyumba. Inafaa kuuliza kama nyingine zinaweza kuongezwa baadaye, maana katika vipakatalishi vyembamba RAM mara nyingi huchomelewa kwenye bodi.

Wapo pia wasiohitaji kompyuta kabisa. Halmashauri ya Ukusanyaji Ushuru Nchini (KRA) ilipoleta mfumo wa ankara wa eTIMS mwaka wa 2023, wafanyabiashara wengi walihisi lazima wanunue mtambo. Anayetoa ankara chache kwa mwezi anaweza kuzitoa kwa simu ya mkononi. Pesa hizo zingemfaa zaidi katika bidhaa.

Anayeihitaji dukani huulizwa kama anataka ya mezani au kipakatalishi. Ya mezani hutengenezeka kwa urahisi na haibebwi na mwizi kwa kwapa. Lakini umeme ukikatika, kama ulivyokatika karibu nchi nzima Agosti 25, 2023, huzima papo hapo na kazi ambayo haikuhifadhiwa hupotea. Atakayeichagua ahesabu pia gharama ya UPS. Tena kompyuta ya mezani iliyotoka Marekani ichunguzwe nyuma: umeme wa Kenya ni wa volti 240, nayo yaweza kuwa imewekwa kwa 115. Chaja nyingi za vipakatalishi huandikwa 100-240, hivyo hazina shida.

Kabla ya kulipa, mtambo uliotumika haufai kukaguliwa kwa chini ya nusu saa. Kila kitufe kibonyezwe. Vipakatalishi vya Ujerumani, kwa mfano, vina Z mahali pa Y, na mwenye mazoea ya kuchapa haraka atateseka. Katika Windows, amri ya powercfg /batteryreport hutoa ripoti inayolinganisha uwezo wa betri ilipoundwa na uwezo iliobakisha. Zikiwa zimesalia chini ya nusu, bei ya betri mpya iingizwe katika mapatano.

Kizuizi kibaya zaidi hakionekani kwa macho. Kampuni nyingi za ng'ambo hufunga kompyuta zake kwa neno la siri, au huzisajili ili zisimamiwe kwa mbali. Mtambo kama huo waweza kufanya kazi vizuri dukani, kisha siku utakapowekewa mfumo upya na kuunganishwa na intaneti, ukadai anwani ya mfanyakazi wa kampuni isiyojulikana. Dawa ni kumtaka muuzaji aurejeshe mtambo katika hali ya mwanzo mbele ya mnunuzi, auunganishe na intaneti ya simu na kuukamilisha hadi mwisho. Risiti nayo iwe na nambari ya utambulisho iliyo chini ya kompyuta, nambari kamili ya prosesa, na muda wa waranti ulioandikwa kwa mkono wa muuzaji pamoja na sahihi yake.