Je, Wajua? Mgonjwa Amepona, Picha Bado Inaumwa

Je, wajua kwamba mtu anaweza kupona nimonia, akarudi shambani au dukani kwake, na picha ya kifua ikaendelea kuonyesha ugonjwa? Homa imekatika, chakula kinapita, usingizi umerudi, lakini doa jeupe liko palepale. Wiki 4 baada ya ugonjwa, takriban mtu mzima 1 kati ya 3 bado analo. Kwa waliougua vikali hadi kulazwa, wanakaribia nusu. Wazee, wavutaji sigara na walioshambuliwa zaidi ya sehemu moja ya mapafu huchelewa zaidi. Tena siku za mwanzo doa laweza hata kupanuka huku mgonjwa akisema ana nafuu. Hapo wa kusikilizwa kwanza ni mgonjwa.

Je, wajua doa lenyewe ni nini? Si vijidudu, maana hivyo havionekani kwa eksirei. Mionzi hupenya hewa bila shida, ndiyo maana pafu lenye afya hutoka jeusi. Nimonia ikiingia, vifuko vya hewa hujaa majimaji, usaha na chembe za damu. Mionzi huzuiwa, na mahali hapo hutoka peupe. Aliyewahi kuchemsha mapafu ya mbuzi anajua yanavyoelea na kugoma kuzama sufuriani. Kipande cha pafu lenye nimonia huzama. Madaktari waliopasua maiti kabla ya enzi za antibiotiki walilikuta zito, jekundu na gumu mithili ya ini.

Antibiotiki huua bakteria, lakini kufagia uchafu uliobaki si kazi yake. Kazi hiyo hufanywa na chembe za kinga zinazomeza mabaki kidogo kidogo, na sehemu nyingine hutoka kwa makohozi. Kumwongezea dawa mtu asiye na dalili yoyote, eti kwa sababu picha haijawa safi, hakuharakishi kitu. La ajabu ni kwamba kuta za vifuko hivyo kwa kawaida hubaki nzima, na usafi ukikamilika pafu hurudi lilivyokuwa, mara nyingi bila kovu.

Mwili nao una ratiba yake. Mwongozo wa Uingereza huwaambia wagonjwa wategemee homa kuisha ndani ya wiki 1, maumivu ya kifua na makohozi kupungua sana kufikia wiki ya 4, na kikohozi na kukosa pumzi kufikia wiki ya 6. Uchovu ndio king'ang'anizi: waweza kuvuka miezi 3. Anayechoka kupanda ngazi mwezi wa pili hajazembea.

Je, wajua kwamba picha ya marudio haipigwi kuthibitisha kwamba umepona? Inamtafuta aliyejificha nyuma ya nimonia. Saratani ya pafu inaweza kuziba njia ya hewa, makohozi yakatuama nyuma yake na nimonia ikazaliwa hapo. Dawa zinaondoa nimonia, uvimbe unabaki. Kwa hiyo madaktari wa Uingereza huirudia picha kwenye wiki ya 6 hivi kwa ambao dalili zinaendelea, kwa wavutaji sigara na kwa waliopita miaka 50. Mwongozo wa Marekani wa 2019 nao unasema ambao dalili zimeisha ndani ya siku 5 hadi 7 hawahitaji kurudiwa kama desturi. Kuikimbilia wiki ya pili, mtu akiendelea vizuri, ni kutupa pesa: doa likionekana, hakuna awezaye kusema ni mabaki au ni mgeni.

Kwetu kuna mtuhumiwa mwingine. Tanzania, Kenya, Uganda na Kongo zimo katika orodha ya Shirika la Afya Duniani ya nchi zenye mzigo mkubwa wa kifua kikuu, ugonjwa unaoweza kujifanya nimonia mchana kweupe. Kikohozi kikivuka wiki 2, au kukiwa na jasho la usiku na kukonda, makohozi yapimwe bila kungoja wiki ya 6. Na hapa kuna mtego: levofloxacin, dawa ambayo wengine huinunua tu duka la dawa, huwagusa pia vijidudu vya kifua kikuu. Mgonjwa hupata nafuu ya muda, homa inashuka, na ugunduzi unachelewa.

Kifua kikuu hupenda ncha za juu za mapafu, na je, wajua kwamba nywele za kusuka huweza kuleta kivuli palepale? Rasta nene zikilala mabegani hutokea kwenye picha kama weupe wa ugonjwa. Ndiyo maana unaambiwa uzifunge juu kabla ya kusimama mbele ya mashine. Kukumbatia ubao unaopokea picha na kusukuma mabega mbele nako kuna sababu yake: mifupa ya mabega inaondoka juu ya mapafu, na moyo unakaa karibu na ubao usionekane mkubwa kuliko ulivyo. Aliyepigwa picha kitandani, kwa mbele, moyo wake huonekana umevimba. Mionzi yenyewe ni kidogo, sawa na ile tunayoipata ardhini na angani kwa siku chache, ila mwenye mimba aseme mapema.

Watoto wana mambo yao. Mtoto aliyeugua nimonia ya kawaida na kupona vizuri harudishwi kwenye mashine. Lakini kwa walio chini ya miaka 8 hivi, nimonia huweza kujikusanya ikawa duara kamili, kama uvimbe, kwa sababu vitundu vya kupitisha hewa kati ya kifuko na kifuko havijakomaa. Duara hilo hurudiwa picha, kuhakikisha limeyeyuka.

Ukienda kwa picha ya pili, chukua ya kwanza, filamu yenyewe ikiwezekana, maana iliyopigwa kwa simu dirishani hupoteza vivuli vyepesi. Na kama uliwahi kupigwa picha ya kifua ulipopimwa afya kabla ya kwenda kazini Ghuba, itafute hata hiyo. Doa ambalo halijabadilika kwa miaka kadhaa kwa kawaida ni kovu la zamani. Bila picha ya kulinganisha, kovu hilohilo laweza kukupeleka kwenye kipimo cha CT.