Mlinzi mwenye funguo zote

Mara ngapi umefika kwenye dirisha la benki ukaambiwa usubiri kwa kuwa mtandao una matatizo? Nyuma ya dirisha lile, katika chumba chenye ubaridi ambacho sisi wateja hatukioni, mna kompyuta nyingi zinazotegemeana. Moja ikichoka, foleni nzima inasimama.

Ndiyo maana makampuni makubwa hununua programu za kufuatilia mwenendo wa mitambo yao. Kazi ya programu hizo ni kama ya askari wa zamu. Kila baada ya muda mfupi hupita na kuuliza: u hai? Umelemewa? Nafasi imebaki kiasi gani? Jibu likiwa baya, fundi hupewa taarifa kabla mteja hajaanza kulalamika.

Wiki hii nataka tuzungumzie siku askari huyo anapoletewa toleo jipya. Wakubwa wengi hudhani ni kazi ya kubonyeza tu. Mimi nasema sivyo. Askari wa kupita kila chumba lazima apewe funguo za kila chumba, na hapo ndipo penye hatari.

Tazama yaliyotokea Marekani mwaka 2020. Kampuni ya SolarWinds ya Texas ilikuwa ikiuza programu ya namna hii, iliyoitwa Orion wakati huo. Wadukuzi walijipenyeza pale inapotengenezwa, wakaficha maelekezo yao ndani ya matoleo mapya. Mwaka 2021 serikali ya Marekani ilitangaza kuwa walitumwa na idara ya ujasusi wa nje ya Urusi. Matoleo hayo yalitoka kuanzia Machi yakiwa na sahihi halali ya kampuni, na wateja wapatao 18,000 waliyapokea. Sumu ililala kimya hadi wiki mbili, kisha ikaanza kuwasiliana na mabwana zake. Miongoni mwa walioingiliwa ni Wizara ya Fedha ya Marekani. Kikulacho ki nguoni mwako.

Nani aliwafichua? Ni kampuni ya ulinzi wa kompyuta ya FireEye, Desemba 2020, nayo ikiwa imeingiliwa. Ilionekana kwamba mfanyakazi wake mmoja ameandikishiwa simu ya pili. Akaulizwa kama ni yake, akasema siyo. Swali dogo hilo likafungua kesi nzima.

Je, tukatae matoleo mapya? La hasha! Programu kuukuu ina matundu ambayo kila mwizi anayajua. Toleo jipya lipokelewe, ila kwa utaratibu. Kwanza, lijaribiwe pembeni kabla ya kuguswa mitambo inayohudumia watu. Pili, lipewe funguo za kazi yake tu. Anayetakiwa kusoma asipewe uwezo wa kubadili. Tatu, kompyuta yake isiachwe kuzungumza ovyo na dunia ya nje. Hili la tatu lina uzito wa pekee: mwaka 2021 CISA, idara ya Marekani ya usalama wa mitandao, ilieleza kwamba kizuizi cha namna hiyo kingeizima sumu ile.

Fedha zilizomo katika kompyuta hizo ni zako na zangu. Basi mkurugenzi anayeidhinisha ununuzi asiulize bei peke yake. Aulize pia: huyu mlinzi wetu, nani anamlinda?